Jeti ya rimoti: umenunua au umejenga?

Video hizi mmeziona. Ndege ndogo ya kivita, urefu wake kama mita mbili, inapita chini chini juu ya uwanja kwa mngurumo wa ndege kubwa, halafu inapanda wima mpaka inabaki nukta. Kando amesimama mtu mzima, rimoti imening'inia shingoni. Chini ya video ubishi ni ule ule kila mara. Mmoja anaandika kwamba hizo ni toi za watoto wa matajiri. Mwingine anamwaga sifa: mzee kaiunda yote kwa mikono yake, injini mpaka boliti. Wa tatu anamkatiza: hakuna kuunda hapo, kaagiza boksi, kaunganisha waya, kazi kwisha.

Wote watatu wameshika kipande tu. Toi si toi. Injini, siku hizi, karibu hakuna anayeiunda nyumbani. Na boksi linapofika, kazi haijaisha hata kidogo. Swali la umenunua au umejenga ni la maana, ila wengi wanaliuliza kana kwamba jibu lake linatuambia nani fundi na nani si fundi. Mimi naona linapaswa kutuambia jambo jingine: kila kiungo cha ndege hiyo kilifungwa na nani, na nani amekikagua kabla hakijapaa juu ya vichwa vya watu.

Tuanze na maneno. Ndege ya rimoti ni ndege isiyo na mtu ndani, inayoongozwa na rubani aliyesimama chini akiiangalia kwa macho yake. Jeti za rimoti ziko za aina mbili, na hapo ndipo wengi wanapochanganya. Aina ya kwanza ni ya umeme: betri, mota, na feni ya mapanga mengi iliyofichwa ndani ya bomba katikati ya bodi. Kwa nje ni jeti kabisa, ila ndani ni feni. Nyingi kati ya zile za bei nafuu zinazouzwa mitandaoni ni za aina hii. Aina ya pili ina tabaini, yaani injini ya kweli ya jeti, inayochoma mafuta na kutoa gesi ya moto nyuma, kwa kanuni ile ile ya injini za ndege za abiria. Ninayoizungumzia hapa ni hii ya pili.

Injini yenyewe unaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Mbele ina gurudumu lenye mapezi, kompresa, linalovuta hewa na kuishindilia ndani. Katikati kuna chumba cha moto, ambako mafuta yanageuka mvuke na kuungua mfululizo. Gesi ya moto inapotafuta njia ya kutoka inapita kwenye gurudumu la pili, ambalo ndilo tabaini, na kulizungusha. Magurudumu hayo mawili yamefungwa kwenye mhimili mmoja, kwa hiyo la nyuma likizunguka linalizungusha la mbele, hewa zaidi inaingia, na mzunguko unajiendesha wenyewe mradi mafuta yanakuja. Nguvu inayobaki inatoka nyuma na kuisukuma ndege.

Mafuta yake ni mafuta ya taa, au Jet A-1 inayojazwa kwenye ndege za abiria, ambayo nayo ni mafuta ya taa yaliyosafishwa kwa viwango vikali zaidi. Injini nyingi zinakubali hata dizeli. Yanachanganywa na oili kidogo, mara nyingi asilimia 5 au chini ya hapo, kwa sababu hakuna tangi jingine la oili: mchanganyiko huo huo ndio unaolainisha beringi. Injini yenye msukumo wa kilo 16 hivi ikifunguliwa mpaka mwisho hunywa karibu nusu lita kwa dakika, ndiyo maana safari moja huishia dakika 8 au 10.

Ukishuhudia ikiwashwa utaelewa kwa nini watu wanaiheshimu. Rubani anasukuma swichi moja kwenye rimoti. Mota ndogo ya umeme iliyo puani mwa injini inaanza kuizungusha, na unasikia mlio mwembamba unaopanda. Kiwashio kinapata moto mwekundu, pampu inatema mafuta ya kwanza, halafu unakuja mvumo mzito wa moto kushika. Harufu ya mafuta ya taa inakufikia pale uliposimama. Kompyuta ndogo ya injini inapima joto na mizunguko bila kupumzika na kuongeza mafuta taratibu, mpaka injini inatulia kwenye mwendo wake wa chini kabisa, ambao kwa injini nyingi ni mizunguko zaidi ya 30,000 kwa dakika. Hapo rubani bado hajaomba nguvu. Pembeni yake msaidizi ameshika kizima moto, na haondoki hapo mpaka injini imetulia.

Sasa historia kidogo, kwa sababu bila historia ubishi wa kununua na kujenga haueleweki.

Kwa miaka mingi hakukuwa na cha kununua. Waliotaka ndege ya rimoti yenye sura ya jeti walificha injini ndogo ya pistoni ndani ya bodi, ikizungusha feni. Wataalamu wengi waliamini kwamba tabaini ndogo kiasi hicho haiwezi kujiendesha. Ingekula nguvu zake zote yenyewe kabla haijasukuma kitu. Mwezi Machi 1983, huko Uingereza, Jerry Jackman na wenzake wakarusha modeli, yaani ndege ndogo ya rimoti, yenye tabaini waliyoiunda wenyewe, ikitumia gesi ya propeni. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, Kurt Schreckling wa Ujerumani akaonyesha kwamba mtu mwenye karakana ya kawaida nyumbani anaweza kuunda tabaini inayofanya kazi. Gurudumu la kompresa yake lilikuwa la plaiwudi iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Mbao, ndani ya injini ya jeti! Inawezekana kwa sababu gurudumu la mbele liko upande wa hewa baridi.

Waliomfuata wakaona njia fupi zaidi. Fundi yeyote wa magari ya dizeli anaijua tabo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kushindilia hewa. Ndani ya tabo kuna gurudumu la kompresa lililokwisha tengenezwa kwa vipimo vya kiwandani. Michoro iliyokuja baadaye, maarufu kuliko yote ikiwa ile ya KJ66, ilichukua gurudumu hilo la tabo na kujenga injini nzima kulizunguka. Tarakimu 66 ni kipenyo cha gurudumu la nyuma kwa milimita. Watu waliiunda KJ66 kwenye gereji zao, nchi moja baada ya nyingine, na hapo ndipo ilipozaliwa ile picha ya mzee aliyeunda injini mpaka boliti. Enzi hiyo picha ilikuwa ya kweli.

Kwa nini basi leo wengi wananunua? Piga hesabu moja. Gurudumu la milimita 66 likizunguka mara 115,000 kwa dakika, ncha za mapezi yake zinakwenda zaidi ya kilomita 1,400 kwa saa, yaani kupita kasi ya sauti kwenye hewa ya kawaida, huku zikipigwa na gesi yenye joto la nyuzi mia kadhaa. Uzito ukizidi upande mmoja kwa kiasi kidogo mno, beringi zinakufa. Pezi likikatika, linatoka kwa kasi ambayo hutaki kuwa karibu nayo. Kusawazisha gurudumu la namna hiyo kunataka mashine na uzoefu, na metali yake ni mchanganyiko wa nikeli unaostahimili joto, si chuma cha dukani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya JPX ya Ufaransa ikaanza kuuza tabaini za modeli, Wajerumani wa JetCat wakafuata na injini zinazojiwasha na kujisimamia kwa kompyuta, na leo zinatengenezwa pia Uhispania, China na kwingineko. Wanaounda injini wenyewe bado wapo, na kazi yao ni ya kupendeza sana, ila ni fani yake peke yake. Kwa hiyo ukiona jeti imeruka wikiendi hii mahali popote duniani, chukulia kwamba injini imenunuliwa, hata kama mwenye ndege anajulikana kwa kuunda kila kitu.

Ubishi basi unabaki kwenye bodi: kiwiliwili, mabawa, mkia, miguu ya magurudumu, na mishipa yote ya umeme na mafuta iliyo ndani.

Hapo kuna ngazi kadhaa. Ya juu kabisa kwa ugumu ni kuanza na mchoro, au hata na picha za ndege halisi: unachonga umbo, unatengeneza ukungu wake, yaani kalibu ya umbo hilo, unalaza ndani yake faiba, kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogandishwa kwa resini, unakata fremu. Ikifuata hiyo kuna sanduku la vipande, ambapo kiwanda kimekukatia mbao na kukumiminia bodi, lakini kuunganisha, kusugua na kupaka rangi ni juu yako. Chini yake ni zile ambazo kwenye boksi zimeandikwa ARF, maana yake karibu tayari kuruka: bodi imekwisha unganishwa na kupakwa rangi, wewe unafunga sevo, ambazo ni mota ndogo zinazosogeza vibao vya kuongozea kwenye mabawa na mkia, kisha miguu, tangi na injini. Halafu kuna PNP, ambayo hata sevo na miguu vimekwisha fungwa. Unaongeza risiva, ambayo ni kipokezi cha mawimbi ya rimoti, betri, na mara nyingi injini. Mwisho kabisa ni RTF, tayari kuruka, yenye kila kitu mpaka rimoti. Kwa jeti za tabaini, hii ya mwisho ni adimu kuliko kwa ndege ndogo za umeme.

Ukisikia mtu anasema amenunua jeti iliyokamilika, muulize ngazi gani. Kati ya ARF na PNP kunaweza kuwa na wiki kadhaa za kazi, na wengi wanaodharauliwa kwamba wamenunua tu wametumia jioni nyingi wakiwa wameinamia meza.

Kuna dhana moja ningependa ife kabisa, nayo ni kwamba kiwandani maana yake mashine. Watu wanaposikia jeti imeunganishwa kiwandani wanaona akilini mikono ya roboti na vipimo visivyokosea. Bodi za jeti hizi, hata za kampuni zinazoheshimiwa, zinatengenezwa na watu. Mfanyakazi analaza kitambaa cha faiba ndani ya ukungu, anakilowesha kwa resini kwa brashi, mwingine anapachika fremu za plaiwudi na kuzigandisha kwa gundi ya epoksi. Jeti ya kiwandani nayo imejengwa kwa mkono, ila si mkono wako. Wengi wa wafanyakazi hao ni mafundi kuliko mimi na wewe, maana wanafanya kazi hiyo kila siku. Lakini wao hawatakuwepo uwanjani ndege inaporuka, na kati ya bodi mia walizogandisha, wewe unaipata moja.

Ndiyo maana jeti ya kununua huwa naifananisha na nyumba iliyokwisha pigwa plasta na rangi. Inapendeza, unahamia kesho, na bei yake inaeleweka. Ila nondo huzioni. Hujui kama msingi ulishindiliwa au zege lilikuwa na simenti ya kutosha. Aliyejenga kidogo kidogo, tofali kwa tofali, anajua kila udhaifu wa nyumba yake, pamoja na ule aliousababisha mwenyewe. Anayenunua anatakiwa kuleta fundi wa kugonga kuta kabla hajatoa hela.

Na kugonga kwenyewe kupo, kwa maana halisi. Chukua bodi iliyotoka kwenye boksi, fungua kifuniko cha juu, ingiza tochi. Tafuta fremu za plaiwudi zinazobeba miguu ya magurudumu, kwa sababu hizo ndizo zinazopigwa kila ndege inapotua. Pale plaiwudi inapokutana na faiba pana mstari wa gundi. Mstari mzuri umejaa pande zote mbili bila kukatika. Mbaya una sehemu kavu, au gundi imekaa juu ya faiba bila kuishika, na ukiisukuma kwa ukucha inabanduka nzima nzima. Gonga kwa kifundo cha kidole ukifuata mstari huo: palipokamatana panatoa sauti kavu na fupi, palipoachia sauti inakuwa na uwazi. Dawa yake si kubwa. Paruza kwa msasa, futa kwa spiriti, paka epoksi iliyokorezwa kwa unga wa faiba, acha ikauke usiku mzima. Ni kazi ya siku moja. Kuipuuza ndiko kunakogharimu ndege.

Baada ya gundi, boliti. Kila boliti inayoshika chuma kwa chuma inataka tone la gundi ya nyuzi, ile inayozuia nati kulegea kwa mtikisiko, na wazoefu wengi wanaifungua kila moja iliyofungwa kiwandani, wanaitia gundi yao, wanaikaza upya. Kisha vibao vya kuongozea. Shika kila kimoja kwa vidole ujaribu kukitikisa huku sevo imewashwa. Kikicheza hata kidogo, tatizo hilo litakua hewani: kwa kasi ya jeti, kibao kilicholegea kinaanza kupapatika, na mpapatiko huo unaweza kung'oa mkia kabla rubani hajaelewa kinachotokea.

Halafu mafuta, ambayo mimi nayaona ndiyo darasa kubwa kuliko yote. Tabaini haisamehe kiputo cha hewa. Gari likikosa mafuta kwa nusu sekunde litakohoa na kuendelea, lakini moto wa tabaini ukizimika hauwaki tena kirahisi ukiwa angani. Kiputo kikiingia kwenye mpira wa mafuta, kikapita pampu na kufika kwenye chumba cha moto, ndege inageuka kuwa kitu kizito kinachoshuka bila injini, na rubani ana sekunde chache za kuipata njia ya uwanja. Kwa hiyo kati ya tangi kuu na pampu huwekwa tangi dogo la kunasa hewa. Kwenye jeti iliyokwisha fungwa, fuatilia mpira wote kwa macho na vidole, kutoka uzito mdogo unaoning'inia ndani ya tangi mpaka kwenye injini. Umejikunja mahali? Umegusa ukingo wa faiba wenye ncha? Umebanwa na kibano kila kiungo? Aliyejenga mwenyewe anayajua majibu kwa sababu aliupitisha mpira huo kwa mkono wake. Aliyenunua inabidi aende kuyatafuta.

Tuje kwenye bei, maana hapo pana dhana nyingine: kwamba kujenga ni njia ya wasio na hela. Ilikuwa hivyo zamani kwa ndege nyingi za rimoti. Kwa jeti leo si kweli. Injini ni bei ile ile kwa wote wawili, na ndiyo mzigo mkubwa: tabaini ndogo mpya huanzia dola 1,500 hadi 2,000 za Marekani hivi, kubwa zinapita 4,000. Sevo zenye nguvu, miguu ya kukunja, betri, risiva, hivyo navyo havibadiliki. Kinachobaki ni bodi, na kiwanda kina ukungu mmoja uliotoa bodi nyingi, kwa hiyo gharama ya ukungu imegawanywa. Ukitengeneza ukungu wako kwa ndege moja, gharama yote ni yako. Ongeza resini, kitambaa cha faiba, msasa, rangi, na bodi ya kwanza utakayoitupa kwa sababu haikutoka vizuri. Wengi waliojenga wanakiri kwamba wangenunua wangebaki na chenji.

Sasa mtu ajenge kwa ajili gani? Sababu zipo, na ni nzito. Ya kwanza ni kwamba ndege unayoipenda huenda haiuzwi. Viwanda vinatengeneza zile zinazonunuliwa na wengi, F-16 na wenzake, pamoja na jeti za michezo zisizofanana na ndege yoyote halisi. Ukiipenda ndege ya mafunzo ya nchi fulani iliyokwisha staafu, hutaipata kwenye katalogi. Ya pili ni mashindano. Katika daraja la F4C la shirikisho la michezo ya anga duniani, FAI, linalohusu modeli zinazofanana na ndege halisi, mrushaji anatakiwa awe ndiye aliyeiunda. Zipo ngazi nyingine ambako sharti hilo limelegezwa, lakini anayetaka F4C hana njia ya mkato. Ya tatu ni kasi ya kupindukia. Rekodi ya jeti ya rimoti iliyowekwa na Mjerumani Niels Herbrich mwezi Septemba 2017 ni kilomita 749.221 kwa saa. Chombo cha kasi hiyo hakiletwi na posta kikiwa kimepakwa rangi. Kinaundwa kwa kazi hiyo moja.

Na ya nne ni matengenezo. Ndege itagonga kitu siku moja. Aliyejenga anajua fremu ziko wapi, gundi ipi ilitumika, na anaweza kukata, kupachika, kusugua. Hata hivyo aliyenunua naye ana lake la kujivunia hapa: anaweza kuagiza bawa jipya likaja na rangi ile ile, mradi kiwanda bado kinaitengeneza ndege hiyo.

Kasoro ya kujenga inayosemwa mara chache ni uzito. Mjenzi mgeni huogopa kuvunjika, kwa hiyo anazidisha gundi, anazidisha faiba, anazidisha rangi. Gramu hapa, gramu pale, mwisho ndege ina kilo mbili za ziada, inatua kwa kasi kubwa kuliko ilivyopangwa, na miguu inavunjika. Udhaifu wake umeletwa na kule kuimarishwa. Bodi ya kiwandani iliyotoka kwa wafanyakazi waliokwisha rudia kazi ile ile mara nyingi, huwa inakaribia uzito uliopangwa.

Kipo kitu ambacho hakipatikani kwa njia zote mbili, nacho ni ujuzi wa kurusha. Hapa ndipo ile kauli ya toi za watoto wa matajiri inapotakiwa kupigwa hesabu. Jeti ya kilo 12 ikienda kilomita 320 kwa saa inabeba nishati sawa na gari la tani moja linalokwenda kilomita 35 kwa saa, na ina lita kadhaa za mafuta ya taa tumboni. Kilomita 320, yaani maili 200 kwa saa, ndicho kikomo ambacho chama cha Marekani cha ndege za modeli, AMA, kimewawekea wanachama wake wanaorusha tabaini. Chama hicho hakimruhusu mwanachama kurusha tabaini bila kibali maalumu, ambacho hupatikana baada ya kuonyesha mbele ya wazoefu kwamba anaweza. Kuwa na hela ya jeti hakumpi mtu kibali hicho, wala kuijenga hakumpi. Ndege yenyewe nayo lazima ipangwe ili injini izime ikiwa mawasiliano na rimoti yatapotea.

Ugumu wa kurusha una sababu ya kimaumbile. Ndege ya rafadha, yaani ya panga linalozunguka puani, ukiipa mafuta inaitika papo hapo, na upepo wa rafadha unapita kwenye mabawa na mkia. Tabaini inachukua sekunde kadhaa kupanda kutoka mwendo wa chini mpaka nguvu kamili. Rubani anayekuja kutua chini mno akaomba nguvu anapewa akiwa amekwisha gusa majani. Kila uamuzi unafanywa mapema, na mazoea hayo yanapatikana kwa ndege ndogo na za bei nafuu, kwa miezi mingi, kabla ya kugusa tabaini.

Uingereza imechukua msimamo ninaoukubali kuhusu ndege kubwa. Modeli ikizidi kilo 25 inatakiwa kuidhinishwa, na mkaguzi anaiangalia inavyoundwa kabla haijafungwa, halafu inapita majaribio ya kuruka. Hapo hoja ya umenunua au umejenga inapata uzito wa kisheria, kwa sababu anayejenga anaweza kumwonyesha mkaguzi fremu zikiwa wazi, na mwenye bodi iliyokwisha zibwa inabidi atafute namna nyingine ya kuthibitisha kilicho ndani.

Kwa msomaji aliyeko Afrika Mashariki mwenye hamu hii, mambo mawili ya haraka. Kwanza, anga ina wenyewe, yaani mamlaka za usafiri wa anga: Kenya ni KCAA, Tanzania ni TCAA, na kabla ya kuagiza chochote uliza kwao kuhusu vibali vya kuingiza na kurusha vyombo visivyo na rubani. Pili, mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 18 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa joto lile lile. Injini iliyoandikwa kilo 10 za msukumo haitatoa 10 kule, na mabawa nayo yatahitaji kasi zaidi ili kubeba. Chagua injini kubwa kidogo na uwanja mrefu zaidi ya ule ulioandikwa kwenye maelezo.

Mwisho kuna njia ya tatu ambayo wabishi huisahau, nayo ndiyo inayowaingiza wengi: jeti iliyotumika. Hapo hununui kazi ya kiwanda peke yake wala ya mjenzi peke yake, unanunua zote mbili pamoja na kila kutua kulikokwenda vibaya. Injini ina njia ya kukueleza ilikopita. Kompyuta yake ndogo, kwa injini nyingi, huhifadhi jumla ya saa ilizokimbia, idadi ya mara ilizowashwa, na kosa la mwisho lililoizima. Watengenezaji kama JetCat wanataka injini irudishwe kukaguliwa baada ya saa 25 za kukimbia, kwa hiyo injini yenye saa 24 ina gharama nyingine inayokaribia. Ulizia risiti ya ukaguzi. Omba iwashwe mbele yako, sikiliza inavyozima: gurudumu likiwa halina kasoro linaendelea kuzunguka laini kwa muda mpaka lisimame, beringi zilizochoka zinakwaruza na kusimama ghafla. Kisha toa tochi, fungua kifuniko, anza na mstari wa gundi kwenye fremu za miguu. Muuzaji asiyetaka ufanye hivyo, mwachie jeti yake.